Fundi wa Stima Eldoret na Plateau: Mshahara, Vibarua na Pesa Inayobaki Mkononi

"Fundi wa stima hulipwa pesa ngapi?" Hili ni swali ambalo mzazi huuliza kabla ya kulipa karo ya chuo, kijana huuliza kabla ya kuacha kazi ya boda, na hata fundi mwenyewe hujiuliza akiona simu ina ujumbe mwingi wa pesa zilizoingia lakini salio halifiki elfu moja.

Jibu la haraka halipo, kwa sababu mafundi wawili waliosoma darasa moja wanaweza kupishana mara mbili au tatu kwa kipato. Mmoja ana leseni, mwingine anafanya chini ya jina la mtu. Mmoja analipwa kila mwisho wa mwezi, mwingine anadai watu watano. Makala hii inaangalia kazi hii katika Kaunti ya Uasin Gishu, kuanzia jijini Eldoret hadi vijijini upande wa Plateau na Ainabkoi. Tutafanya hesabu mbili pamoja, kisha tuone jinsi simu yako inavyoweza kulinda jasho lako, uwe fundi au uwe mteja.

Kazi ipo wapi?

Uasin Gishu ilikuwa na watu 1,163,186 katika sensa ya 2019, na Eldoret peke yake ilikuwa na 475,716. Tarehe 15 Agosti 2024, Eldoret ilipewa hadhi ya jiji. Hadhi hiyo haimpi fundi kazi moja kwa moja, lakini mtu akitembea Kapsoya, Langas, Annex, Kimumu au Maili Nne ataona kinachompa fundi kazi: ploti zinajengwa, nyumba za kupanga zinaongezwa ghorofa, na hosteli za wanafunzi zinachipuka karibu na vyuo. Wanariadha nao wana mchango mkubwa. Kwa miaka mingi pesa za mbio zimerudi nyumbani zikawa majumba ya biashara, hoteli na mashamba, na kila jengo linahitaji waya.

Ukitoka mjini kuelekea Plateau na Kaptagat, kazi inabadilika sura. Huku ni mashamba ya mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Mteja anayekupigia hataki taa za mapambo. Anataka mota ya mashine ya kukata nyasi irudi kufanya kazi, pampu ya kisima ifungwe, posho mill iunganishiwe stima ya fezi tatu, taa ya usalama iwekwe karibu na boma la ng'ombe. Shule na vituo vya maziwa pia viko huku. Kazi hizi hazionekani barabarani kama mjengo wa mjini, lakini zinarudi kila msimu, kwa sababu mota huungua na panya hula waya.

Jambo la tatu ni idadi ya nyumba zilizopata stima. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mradi wa Last Mile, na ada ya kuunganishwa ikashuka kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Kufikia sensa ya 2019, asilimia 50.4 ya nyumba nchini zilikuwa zinatumia stima ya gridi kwa mwanga, na asilimia 19.3 zilikuwa zinatumia sola. Nyumba nyingi zilizounganishwa wakati huo zilianza na balbu mbili na soketi moja. Leo mwenyewe anataka friji, pasi, televisheni na chumba cha kuku cha kupasha joto. Mtu huyu hahitaji tena kuunganishwa na Kenya Power. Anahitaji fundi wa kuongeza waya bila kuchoma nyumba.

Njia tatu za kulipwa

Fundi wa stima katika kaunti hii hupata pesa kwa njia moja kati ya tatu, na wengi huchanganya.

Ya kwanza ni mshahara. Waajiri ni viwanda kama Rivatex na Raiply, hospitali kubwa kama Moi Teaching and Referral, vyuo vikuu, shule za bweni, hoteli na kaunti yenyewe. Kazi hapa ni kutunza mitambo, jenereta na nyaya. Nafasi ni chache na mtu akiipata hashuki kwa urahisi.

Ya pili ni kulipwa na kontrakta, kwa siku au kwa kazi. Hawa ndio mafundi wa mjengo na wale wanaofanya kazi za laini chini ya kampuni zilizopewa zabuni. Pesa ni nzuri mradi ukiwa unaendelea. Ukisimama, na miradi husimama, unarudi nyumbani.

Ya tatu ni kujitegemea. Mteja anakupigia, mnaelewana bei, kwa kawaida kwa pointi: kila taa, swichi au soketi inahesabiwa. Hapa hakuna anayekukata wala anayekupangia, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mwenyewe kujua.

Sheria ya mishahara nchini hutoa kiwango cha chini kulingana na mahali na daraja la fundi: asiye na daraja, daraja la tatu, la pili na la kwanza. Viwango hivyo viliongezwa kwa asilimia 12 mwaka 2022 na kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024. Kwa hivyo kabla ya kusaini barua ya kazi, pita ofisi ya leba uulize kiwango cha daraja lako. Wengi hulipwa kama vibarua wa kawaida ilhali wana cheti mfukoni, kwa sababu hawakuwahi kukitoa.

Hesabu ya kwanza: mshahara wa Sh30,000

Tuchukue fundi aliyeajiriwa kwa Sh30,000 kwa mwezi. Hii si takwimu ya wastani, ni mfano wa kutusaidia kuhesabu. Kwa viwango vya mwaka 2025, makato yake ni haya:

- NSSF, asilimia 6: Sh1,800
- Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75: Sh825
- Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: Sh450
- PAYE baada ya nafuu ya Sh2,400: Sh731

Anapokea karibu Sh26,194. Wengine huona makato haya kama wizi. Lakini angalia upande wa pili: mwajiri naye anaweka Sh1,800 nyingine NSSF kwa jina lake, na bima yake ya afya inalipwa kila mwezi bila yeye kukumbuka. Akianguka kutoka kwenye ngazi, ana pa kuanzia. Isitoshe, mvua ikinyesha wiki nzima, mshahara haupungui.

Hesabu ya pili: nyumba ya vyumba viwili Plateau

Sasa tuchukue fundi anayejitegemea. Anaishi Eldoret na amepata nyumba ya vyumba viwili vya kulala Plateau. Pointi ni 40, wameelewana Sh300 kwa pointi. Vifaa ananunua mteja. Huu pia ni mfano. Weka bei zako mwenyewe.

Malipo ya kazi: 40 × 300 = Sh12,000. Ukisikia elfu kumi na mbili kwa siku nne unaweza kudhani fundi huyu anampita yule wa mshahara mbali sana. Tutoe gharama:

- Msaidizi, siku nne kwa Sh800: Sh3,200
- Nauli ya kwenda na kurudi, yeye na vifaa: Sh1,200
- Bitsi za drili, tepu, misumari na vitu vidogo: Sh600

Zinabaki Sh7,000. Na siku si nne, ni tano, kwa sababu alipoteza siku nzima kwenda kuangalia nyumba na kuandika orodha ya vifaa. Sh7,000 kwa siku tano ni Sh1,400 kwa siku.

Ili afikie zile Sh26,194 za mwenzake, anahitaji siku 19 za kazi iliyolipwa kila mwezi. Na bado hajalipa NSSF wala bima ya afya. Siku 19 zinawezekana watu wakiwa na pesa ya ujenzi. Mwezi ambao wakulima wameweka kila shilingi kwa mbolea na mbegu, ni kazi.

Kuna jambo lingine linalouma zaidi. Mteja analipa asilimia 70, kisha anasema, "Fundi, hiyo ingine nitakumalizia mwisho wa mwezi." Sh3,600 zimebaki nje. Fundi amebaki na Sh3,400 kwa siku tano, yaani Sh680 kwa siku. Msaidizi wake amepata Sh800. Mwenye ujuzi, mwenye drili na mwenye jina ndiye aliyelipwa kidogo kuliko kijana aliyekuwa anamshikia ngazi.

Hii ndiyo sababu tunasema kipato cha fundi wa kujitegemea hakitegemei bei ya pointi peke yake. Kinategemea ile asilimia 30 ya mwisho. Sehemu kubwa ya faida iko pale.

Karatasi zinazopandisha bei

Ujuzi wa mikono ni msingi, lakini karatasi ndiyo inayokutoa kwa kazi za Sh300 kwa pointi. Huu ndio mpangilio wake.

Mafunzo. Eldoret ina bahati ya vyuo. Eldoret National Polytechnic na Rift Valley Technical (RVTTI) hufundisha kazi ya stima, na kuna vyuo vya ufundi katika maeneo bunge. Unaweza kuanzia kozi fupi na kupanda ngazi kidogo kidogo, bila kungoja alama za kwenda chuo kikuu.

Cheti cha NITA. Kama ulijifunza kazi kwa mjomba au kwa mjengo na hukuwahi kukaa darasani, mtihani wa NITA ni mlango wako. Unapimwa kwa kazi ya mikono, unapata daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza. Daraja hilo ndilo linaloangaliwa kwenye kiwango cha chini cha mshahara.

Leseni ya EPRA. Hapa ndipo mambo hugeuka. Kwa sheria, kazi ya kuweka stima kwenye jengo inapaswa kufanywa na fundi aliye na leseni ya EPRA au chini ya usimamizi wake. Madaraja huanzia C-2 kwa kazi ndogo, yanapanda C-1, B, A-2 hadi A-1. Kenya Power ikitaka kuunganisha jengo jipya, huhitaji cheti cha kukamilika kwa kazi kilichosainiwa na mwenye leseni. Maana yake ni kwamba asiye na leseni anavuta waya wote, halafu mwenye leseni anakuja siku moja, anapima, anasaini na kulipwa. Ukipata leseni yako, malipo ya ile siku moja yanakuwa yako.

Leseni ya sola. Sola ina leseni zake: T1, T2 na T3, kulingana na ukubwa wa mtambo. Fundi mwenye C-2 na T1 au T2 anaweza kumhudumia mkulima wa Plateau kwa yote mawili.

NCA. Ukitaka kuchukua zabuni za majengo kama kampuni, lazima usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Hii ni ngazi ya baadaye, lakini anza kuweka kumbukumbu za kazi zako mapema.

Onyo moja: usikodi leseni ya mtu, na wewe mwenye leseni usisaini kazi ambayo hukuipima. Plateau iko juu, radi ni za kawaida, na nyumba isiyo na waya mzuri wa kupeleka umeme ardhini ni hatari. Moto ukitokea, jina lililo kwenye cheti ndilo litakaloulizwa.

Kazi inaelekea wapi?

Kuweka waya kwenye nyumba kutaendelea, lakini vijana wengi wako hapo na bei inashuka. Fundi anayetafuta nafuu aangalie maeneo haya:

- Mota na stima ya fezi tatu. Posho mill, mashine za kukata nyasi, pampu, mashine za mbao. Mwenye posho mill iliyosimama anapoteza pesa kila saa, kwa hivyo hababaiki sana kuhusu bei. Anataka ifanye kazi leo.
- Sola na betri. Stima ikipotea, hoteli, duka la dawa na saluni zinataka kuendelea. Kazi hii inahitaji hesabu ya mzigo, si kufunga paneli tu.
- Pampu za visima na maji ya kunyunyizia shamba.
- Kamera za usalama, ua wa umeme na milango ya umeme, hasa Elgon View na mashamba makubwa.
- Mikataba ya matengenezo. Shule, kituo cha maziwa au mwenye ploti kumi analipa kiasi kidogo kila mwezi, na wewe unapita kukagua. Mikataba mitatu ya namna hii inaweza kulipa kodi ya nyumba yako hata mwezi ambao hakuna mjengo.

Je, miradi mikubwa? Kaunti hii imeona mipango mingi ikizinduliwa. Mwaka 2017 kulikuwa na uzinduzi wa eneo maalum la kiuchumi lililoahidiwa kuleta viwanda na maelfu ya kazi. Siku hizi kuna ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Miradi ikija, peleka karatasi zako mapema. Lakini usikope pesa ya drili mpya kwa sababu ya mradi uliousikia kwa hotuba. Panga maisha na mteja aliye na namba yako.

Jinsi ya kupokea pesa bila kubaki na madeni

Turudi kwa ile asilimia 30. Hatua hizi hazigharimu kitu.

1. Elewaneni kwa maandishi. Si lazima wakili. Ujumbe wa simu unatosha kuanza: idadi ya pointi, bei, nani ananunua vifaa, na pesa italipwa lini. Mteja ajibu "sawa". Ujumbe huo usiufute.

2. Gawa malipo kwa hatua za kazi, si kwa tarehe. "Mwisho wa mwezi" haina uhusiano na waya. Kwa ile kazi ya Sh12,000, unaweza kupanga hivi: Sh3,600 kabla ya kuanza, Sh4,800 mabomba yakishapita ukutani na waya zikishavutwa, na Sh3,600 swichi na soketi zikishafungwa na kupimwa mteja akiwa hapo. Ukifika hatua ya mwisho, hata mteja akichelewa, unamdai Sh3,600 na si kila kitu.

3. Dai kwa heshima, siku hiyo hiyo. Mfano: "Habari ya jioni Mama. Leo tumemaliza kuvuta waya vyumba vyote, na umeona mwenyewe. Kulingana na makubaliano yetu, awamu ya pili ni Sh4,800. Naomba ulipe kwa namba ya Till niliyokutumia, ndio kesho tuanze kufunga swichi. Asante sana." Ujumbe huu hauna ugomvi. Unataja kazi, kiasi, njia ya kulipa na kitakachofuata.

4. Tenganisha pesa ya kazi na ya nyumbani. Pesa ya mteja ikiingia kwenye laini ile ile unayolipia unga na tokeni, itaisha bila kujua kama kazi ilileta faida. Tumia Till au Pochi la Biashara kwa kazi, na ujilipe kiasi maalum kila wiki. Kwa Till, mteja hakatwi ada ya kulipa. Ni jambo zuri kumwambia, maana wengine hupunguza malipo wakisema "ada ilinikata".

5. Toa taarifa ya miamala kila mwezi na uisome. Utaona nani amelipa na nani hajalipa. Pia ukienda SACCO kuomba mkopo wa mashine ya kupimia, taarifa ya miezi sita inaongea kuliko maneno. Fundi hana payslip. Hii ndiyo payslip yake.

6. Jilipie kinga. Weka kiasi kidogo cha kila kazi kwa NSSF na SHA. Katika ule mfano wetu, hata Sh100 kwa siku ya kazi iliyolipwa inakuwa Sh1,900 kwa siku 19.

Pesa ya vifaa isipite kwako

Hili tunalisisitiza kwa sababu mafundi wengi hawalijui. Tuseme kazi nzima ni Sh300,000: vifaa Sh240,000, na ufundi Sh60,000. Mteja anatuma zote kwa Till yako, nawe unanunua vifaa. Kwenye rekodi, umepokea Sh300,000.

Biashara inayoingiza zaidi ya Sh1 milioni hadi Sh25 milioni kwa mwaka hulipa ushuru wa mauzo, unaoitwa TOT, wa asilimia 3 tangu Julai 2023. Ushuru huu unahesabiwa kwa mauzo yote kabla ya kutoa gharama. Asilimia 3 ya Sh300,000 ni Sh9,000. Asilimia 3 ya Sh60,000 ni Sh1,800. Tofauti ya Sh7,200 inatoka kwa jasho lako kwa sababu tu ya njia ambayo pesa ilipitia.

Suluhisho ni rahisi: andika orodha ya vifaa, mteja alipe duka moja kwa moja kwa Till ya duka, na risiti itoke kwa jina lake. Wewe upokee ya ufundi peke yake. Faida ya pili ni kwamba hakuna atakayesema "fundi alikula pesa ya waya". Kama kipato chako kimefika kiwango cha TOT, lipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na utoe ankara za eTIMS. Wateja wakubwa kama shule na kampuni watakuuliza ankara hizo kabla ya kukupa kazi.

Kama wewe ndiye mteja

Si kila msomaji wetu ni fundi. Ukijenga au kurekebisha nyumba:

- Omba kuona leseni ya EPRA na uangalie daraja na tarehe ya kuisha. Fundi halali hakasiriki akiulizwa.
- Usitume pesa zote mwanzoni, na usizuie zote hadi mwisho. Fundi aliyelipwa zote hana haraka. Fundi ambaye hajalipwa hata nauli atatafuta kazi nyingine katikati ya yako.
- Hakikisha jina kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo. Jina likiwa si la fundi wala duka, simama uulize.
- Malipo ya Kenya Power yaende kwa Kenya Power. Tokeni hulipwa kwa Paybill 888880 na bili ya kawaida kwa 888888. Mtu akikuambia umtumie yeye binafsi ili "aharakishe mita", hiyo pesa haina risiti.
- Awamu ya mwisho ilipwe baada ya kupimwa na kupewa cheti. Ukishakipata, lipa siku hiyo. Mtu huyo ndiye utakayempigia usiku soketi ikitoa moshi.

Matapeli wanaolenga mafundi

Fundi akiwa juu ya dari hana wakati wa kusoma ujumbe vizuri, na matapeli wanajua hivyo.

Ujumbe bandia. Mteja usiyemjua anasema ametuma deposit, unaona ujumbe unaofanana na wa kweli. Kabla ya kuanza kazi au kununua kitu, angalia salio, si ujumbe.

"Nimetuma kimakosa, rudisha." Usirudishe kwa mkono. Mwambie afuate utaratibu wa mtandao wake. Kwa M-Pesa, aliyetuma hupeleka ujumbe wa muamala kwa 456. Ukimtumia mwenyewe, anaweza kurudishiwa mara mbili, na ya pili inatoka kwako.

Kazi za ng'ambo. Mafundi wa stima wanatafutwa nchi za Ghuba na kwingine, na nafasi za kweli zipo. Lakini kaunti hii inakumbuka mpango wa masomo ya Finland na Canada: familia nyingi zililipa pesa na vijana wengi hawakusafiri, na mwaka 2023 wazazi wakaandamana mjini Eldoret. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, omba mkataba wenye jina la mwajiri, na usilipe kwa namba ya mtu binafsi.

Kwa hivyo, kazi hii inalipa?

Inalipa, lakini si kwa kila mtu kwa usawa. Anayevuta waya bila cheti, bila makubaliano na bila rekodi ataona pesa nyingi zikipita na chache zikibaki. Mwenye daraja la NITA, leseni ya EPRA, ujuzi wa mota au sola na wateja wanaolipa kwa awamu anaweza kuishi vizuri Plateau bila kuhamia Nairobi.

Wiki hii, fanya mambo matatu. Chukua kazi yako ya mwisho, toa gharama zote, gawa kwa siku ulizotumia ukihesabu na ile ya kwenda kuangalia. Andika majina ya wote unaowadai na utume ujumbe wa heshima kwa mmoja leo. Kisha tenganisha namba ya kazi na ya nyumbani kabla ya mteja anayefuata kukupigia.